Tulikuwa Tunasuka Tu

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi wenzetu mliotoka ibadani mkavuka na feri mpaka hapa Likoni katika jua hili, karibuni, maji yapo kwenye mtungi. Nimeambiwa nisimame niseme. Kusimama mbele za watu sikukuzoea. Kazi yangu mimi ni ya kukaa chini. Mkiiona mikono yangu inatetemeka msishangae. Hutulia ikiwa na kitu cha kushika, ndiyo maana nimekuja na huu ukili, utepe wa kushonea mkeka, kwapani. Niacheni nao, nitawaeleza habari yake.

Sitamtaja mtu jina. Wengine wako hai, wengine wangali wanafanya kazi kwa watu walewale. Mkimtambua mtu, kaeni naye moyoni.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Shule niliiacha darasa la nne. Mamangu alifariki akimzaa kitinda mimba wetu, na mwalimu alipoita majina wiki ile mimi nilikuwa nyumbani nimempakata mtoto, nalamba kidole nilichochovya katika maziwa ya mbuzi nione kama ni ya moto. Sikurudi tena. Tukawa wanne: mimi, ndugu yangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa kike, na huyo kitinda mimba. Yule mtoto mama hakumjua. Alinijua mimi. Na alikuwa na tabia moja, mpaka leo wenzake humcheka: hakuwa akilala mpaka akamate sikio langu. Alishike hili la kushoto, alisuguesugue, ndipo macho yafumbe.

Tulikaa Changamwe, kwenye landhi za kampuni aliyofanyia kazi baba. Kwa wasiozijua, landhi ni vyumba vya safu. Safu hii inatazamana na ile, katikati kijia cha mchanga ambacho mkokoteni ukipita kuku lazima waingie ndani. Chumba ni cha kazi. Ukiwa na kazi una chumba. Kazi ikiisha, unafunga mizigo. Hilo tulilijua, lakini baba alikuwa na nguvu zake, nani angelifikiria?

Baba akashikwa na homa. Ijumaa moja alikwenda kazini, Jumatano iliyofuata tukamzika. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa sikilizeni kosa nililolifanya, maana wenzangu wa pwani mtalifahamu upesi kuliko wengine.

Siku ya mazishi alikuja karani wa nyumba. Mtu wa pwani kama sisi, kanzu safi, kofia ya kushonwa. Alinivuta kando akasema, "Pole, mwanangu. Afisini wameshaniuliza chumba. Nimewaambia watu wako kwenye matanga, na watu wa matanga hawasumbuliwi. Wamekubali. Kaeni mpaka muanue matanga. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, baba."

Kumbe sikufahamu. Yule mtu alikuwa amenifungulia mlango. Matanga, mnajua, jamvi likiwa bado limetandikwa chini, msiba upo; likikunjwa, mmeanua. Wako watu wanaokaa mpaka arobaini, na hakuna wa kuwauliza. Alitaka nilikalie lile jamvi muda niwezao, naye akiulizwa ajibu, "Bado wanaomboleza." Hakuweza kulisema kwa mdomo wake.

Mimi nikafanya kama mama alivyonifunza. Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, nikafagia, nikalikunja jamvi, nikalifua kwa maji na sabuni, nikalianika uani. Uani kwetu ni kule njiani, juu ya ua wa seng'enge. Nilitaka watu waone kwamba watoto wa fulani wana adabu, hawakuiacha nyumba ikanuka.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa bibi mmoja mjane, mtafuna tambuu, ulimi mkali. Mwanawe ndiye aliyekuwa na kazi na chumba. Alitoka, akaliona jamvi linadondosha maji, akatema.

"We mtoto! Umeanua?"

"Abee, bibi. Siku tatu zimetimia."

"Nani kakutuma? Umepewa muda mpaka uanue, nawe umeanua! Tena umelitundika barabarani kama bendera ya Mfalme!"

Nikaliendea jamvi. "Basi nitalitandika tena, bibi. Sasa hivi."

"Tandika uone. Matanga hayatandikwi mara mbili kwa maiti mmoja. Ukitandika la pili, unamwita wa pili." Akamtazama kitinda mimba wetu aliyekuwa akicheza na povu la sabuni. Mimi pia nikamtazama. Nikalikunja jamvi lile bichi, nikaliingiza ndani.

Nilikuwa nimechelewa. Karani alikwisha pita na baiskeli yake. Bibi alimwona: alipunguza mwendo, akaliangalia jamvi, akatikisa kichwa, akaenda zake. Jioni akaja. Hakukaa. "Wamesikia kuwa mmeanua," akasema. "Mimi sina la kuwaambia tena. Jumatatu asubuhi."

Ndugu zangu, nawaambia, kuna hofu inayopiga kelele na kuna hofu inayokaa kimya ikakutazama ukipika. Mimi nilipewa hiyo ya pili.

Jumapili jamaa wakakutana chumbani kwetu. Sikuwalaumu siku ile, na leo siwalaumu. Maskini akigawiwa mzigo hutazama kwanza mgongo wake. Ami yangu alitoka Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe. Akasema atamchukua yule wa kiume, atampa nyundo, atajenga kifua. Mama mdogo alitoka Mtongwe. Akasema, "Mimi nitamchukua wa kike. Mmoja, wallahi, mmoja tu, wa pili sina pa kumlaza." Kitinda mimba alitakwa na jamaa wa baba wa huko mpakani, Lungalunga, ambao hawakujaaliwa mtoto. Na mimi nikaambiwa kuna mtu ameniuliza. Mtu mzima, mwenye wake wawili na shamba la minazi. "Utakula, utavaa," ami akasema. "Unataka nini tena?"

Nikauliza, "Na huyu atakamata sikio la nani?"

Wakacheka. Walidhani nafanya mzaha kupunguza uzito. Ndugu yangu wa kiume hakucheka. Aliinuka akatoka nje, nikamsikia anapiga mateke ukuta.

Jumatatu ikafika. Nataka mnisikie vizuri hapa, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Walisema tulipanga. Walisema kuna chama kilitutuma, kuna bwana mkubwa wa siasa alitufundisha. Si kweli. Mimi nilikaa chini kwa sababu miguu ilikataa kusimama.

Nilikuwa nimefunga mizigo: vyungu, kitanda cha kamba kimelazwa ubavu, nguo za baba kwenye shuka. Juu ya msumari ulikuwa umebaki ukili alioacha mama, uliokatishwa na uchungu wa uzazi. Nilikuwa nikiuongeza kidogokidogo miaka ile. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata nikashindwa kufunga fundo, basi nikautoa ule ukili pamoja na miyaa iliyolowekwa, yale majani ya kusukia, nikaketi kizingitini nikaanza kusuka. Mtoto akaja mgongoni akakamata sikio.

Mnaosuka mnajua tunavyokaa. Unanyoosha miguu. Mwanzo wa ukili unaubana kwa kidole gumba cha mguu, mikono inavuta kuja kwako. Kijia chetu kilikuwa chembamba. Miguu yangu ikafika katikati.

Bibi akatokea. "Ndiyo nini hii?"

"Sijui, bibi. Naogopa."

Akanitazama. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Hata mimi. Sogea." Akajishusha kando yangu, magoti yakilia.

"Nikuletee mkeka, bibi, usichafuke?"

"Mkeka mbele ya mlango wa msiba ni matanga. Tumekwisha sema. Keti mchangani." Akanyoosha miguu, akanipokonya miyaa nusu, akaanza ukili wake.

Mama wa chumba cha pili alikuwa mtu wa bara, wa kanisani, mfumaji. Alifuma sweta za sufu kwa sindano mbili, katika joto lile la Changamwe! Bibi siku zote alimkejeli: "Sweta hiyo unamfumia nani, papa wa Kilindini?" Naye hujibu, "Kwetu kuna baridi, bibi, inakata masikio kama ulimi wako." Asubuhi ile alitoka na mpira wake wa sufu, akaketi upande wa pili wa kijia, miguu ikaelekea yetu. Halafu wa chumba cha nne. Halafu mashemeji wawili wa mwisho wa safu, mmoja ana kofia anayoitoboa vitundu vya nakshi, mwingine hana kazi yoyote, ikabidi bibi amgawie miyaa achane. "Mtu hakai hapa mikono mitupu," akasema. "Mikono mitupu ni mkutano."

Neno hilo alilitoa kama mzaha. Lakini siku zile, mnakumbuka, watu kukusanyika bila ruhusa ya serikali lilikuwa kosa, na watu walikuwa wakibebwa kwa hilo. Kila mtu akainamisha kichwa akashika kazi yake.

Karani akaja na mahamali wawili na mkokoteni. Mkokoteni ukasimama pale miguu ilipoanzia.

"Ondokeni njiani," karani akasema.

Tukaendelea na kazi zetu. Si kwa kiburi. Mimi sikujua pengine pa kutia mikono.

Akawageukia mahamali. "Ingieni mtoe vyombo."

Hamali mkubwa, mtu wa makamo, kitambaa kichwani, akaitazama ile miguu. Miguu ya bibi ilikuwa mbele kabisa, imepasuka visigino, imepakwa hina. Akasema, "Tupite wapi, bwana?"

"Ruka!"

"Nimruke nani?"

"Si unaona? Ruka uingie!"

"Bwana karani," yule hamali akasema polepole, "mimi nimebeba magunia bandarini tangu kijana, nimebeba na maiti. Kumruka mama aliyeketi, hilo sikufunzwa kwetu. Tangulia wewe. Ukimruka huyu bibi, na mimi nitakufuata."

Ndugu zangu, mnielewe. Yule karani alikuwa mtoto wa pwani. Alilelewa kama sisi, kwamba mtu aliyenyoosha miguu humruki. Unamwomba akunje, akikataa unazunguka. Akasogea. Akakusanya kanzu kwa mkono mmoja. Akainua mguu. Nikauona ukining'inia juu ya miguu ya bibi, kiatu cheusi kimepigwa rangi. Bibi hakuinua macho, vidole vyake vilikuwa vikienda tu. Mguu ukakaa hewani. Kisha ukarudi chini palepale ulipotoka.

"Mtanifukuzisha kazi," karani akasema, na sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti kama yangu. Akageuka. Mahamali wakageuza mkokoteni.

Hatukushangilia. Mama wa sweta alisema, "Atarudi na wengine," tukajua ni kweli. Waume wetu, nasema wetu kwa maana ya landhi nzima, walikuwa na vyumba vyao vya kupoteza. Jioni ile nilisikia ukutani mwana wa bibi akimwambia, "Mama, unataka na sisi tutupwe nje?" Sikusikia bibi alivyojibu. Nilikaa nikiwaza kwamba kwa ajili ya watoto watatu nimewatia hatarini watoto wa safu mbili.

Asubuhi ya pili nilitoka nikiwa na hakika nitakaa peke yangu. Bibi alikuwa ameshaketi. "Umechelewa," akasema.

Siku hiyo alikuja mkubwa wa polisi, Mzungu, na askari wanne. Buti zao tulizisikia kabla hatujawaona. Huu ukili, hapa, huu niliokuja nao, ndio niliokuwa nikiusuka saa ile. Nitarudi hapo.

Mzungu yule Kiswahili alikijua. "Huu mkutano una ruhusa?"

Nilimwona mama wa sweta akikosa kitanzi, akakosa cha pili. Nikajua ni mimi niliyeketi kizingitini, ni mimi ninayetazamwa. Nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo. Bibi akaninusuru.

"Mkutano gani, baba? Mkutano una mtu anayesema. Hapa umemkuta nani anasema?"

"Mnafanya nini basi?"

"Tunasuka."

"Mnasuka nini?"

"Mkeka."

"Wa nini?"

"Wa kukalia."

"Sasa mbona mmekaa mchangani?"

Bibi akainua uso kwa mara ya kwanza. "Baba, si haujaisha!"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mzungu hakucheka. Aliyapitisha macho yake juu yetu, kichwa baada ya kichwa, kama mtu anayehifadhi sura. Akauliza, "Na mkeka utakwisha lini?"

Na hapo, sijui nani alinipa sauti, nikasema, "Tukipata pa kuutandika, bwana."

Kisha akawatupia askari neno kwa Kizungu, wakaondoka. Kwa nini alituacha mpaka leo sijui. Pengine aliona aibu kuwabeba akina mama na sindano zao. Pengine alikwenda kuleta gari. Hilo la gari ndilo nililoliamini mimi, na siku nzima kila lori lililopiga breki kwenye barabara ya Miritini, mimi nilisema ndilo.

Siku ya tatu hawakuja polisi. Ulikuja mkokoteni, wa mahamali wengine, na haukuwa mtupu. Juu yake kulikuwa na kitanda, sufuria, kikapu cha kuku wawili, na sanduku la bati. Nyuma yake kijana mmoja mrefu, mtu wa Ukambani, na mkewe, mja mzito, tumbo limeshuka. Karani alikuwa mbele. Ufunguo alikwisha mpa yule kijana. Niliuona umeshikwa kwa vidole viwili kama kitu cha thamani.

Hapo ndipo nilipojua tumeshindwa. Karani tungeweza kumzuia. Huyu je? Huyu ni mtu kama baba yangu, amepata kazi, amepewa chumba, mkewe anakaribia kujifungua. Nitamzuia kwa haki gani? Tena ni watu wa bara. Habari za kuruka miguu huenda kwao si chochote. Bibi akaninong'oneza, "Wakituruka hawa, mwanangu, yamekwisha." Mtoto alikuwa amenishika sikio akalivuta hasa, likauma. Nikamwacha alivute.

Yule mama akatuangalia. Jua lilikuwa kali, jasho linamtoka. Akanijia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote.

"Nyinyi nakaa hapa nangoja nini?"

Siku zote tatu sikuwa nimelisema kwa mtu hivi. Nikamwambia, "Chumba mlichopewa ndicho tunachokaa. Baba yetu amekufa. Tuko wanne, hatuna mama. Tukitoka hapa, kila mmoja anakwenda kwake na hatutakaa pamoja tena. Nyinyi hamna kosa. Mimi ninaogopa tu."

Akamtazama mtoto. Akautazama ule mkono sikioni. Akageuka akaenda kwenye mkokoteni, akaanza kupekua vyombo. Nikasema moyoni, sasa anateremsha kitanda. Nikafumba macho, na vidole vikaendelea kusuka bila macho.

Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele yangu na kiondo. Kiondo nusu, cha katani, nyuzi zake zinaning'inia chini kama ndevu. Akaweka mkono mmoja kwenye bega la bibi, akajishusha taratibu na tumbo lake, akaketi mchangani, akanyoosha miguu. Ikafunga lile pengo la mwisho la kijia.

Mumewe akapaza sauti. "Wewe! Na chumba?"

"Mimi nachoka. Nakaa."

"Tutalala wapi?"

"Uliza huyo nakupatia nyumba ya watoto."

Bibi akasema bila kuacha kazi, "Mtalala kwangu. Mwanangu atalala jikoni, ni mnene, anahitaji kupungua."

Hapo tukacheka, sote, kicheko cha watu waliokaribia kulia. Hata mama wa sweta, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka. Yule kijana alisimama katikati ya njia na ufunguo wake. Alimwangalia mkewe kwa muda. Kisha akaenda kwa karani akaurudisha ufunguo mkononi mwake, kwa mikono miwili, kwa heshima. "Mzee, mimi nitangoja chumba kingine," akasema.

Karani akaupeleka ufunguo ule kwa mfanyakazi mwingine, akakataa. Kwa mwingine, akasema mkewe hataki. Hakuna mgomo uliotangazwa, hakuna kibao kilichobebwa. Ufunguo ulikosa mshikaji tu.

Jumamosi karani akaja kwa miguu, bila mkokoteni. Akasimama mwisho wa miguu yetu. "Hodi," akasema. "Shikamoo, bibi. Naomba njia."

Mara ya kwanza kuomba. Tukakunja miguu, akapita mpaka kizingitini. Akaniambia, "Afisini wamesema mpaka masika yaishe. Zaidi ya hapo sikuweza." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na safari hii, usitundike chochote kwenye ua."

Ndugu zangu, hatukushinda chumba. Msitoke hapa mkasema fulani alishinda kampuni. Tulipata masika tu. Lakini masika yana siku nyingi mkono ukiwa na kazi. Yule ami aliyetaka kumchukua ndugu yangu alileta mawe kutoka Mwakirunge. Mume wa mama mdogo alituombea kiwanja huku Likoni. Wanaume wa landhi walivuka kila Jumapili kukandika udongo, na aliyekandika zaidi ya wote ni yule kijana aliyekosa chumba. Mkewe alijifungua kwa bibi, mvua inapiga mabati, mimi nikiwa nimeshika taa.

Na mkeka tuliumaliza. Kila mmoja alileta ukili wake, bibi akaushona. Kipande changu cha siku ya polisi alikikataa. "Huu umepinda, umekazwa kupita kiasi. Hauingii mkekani." Akaukata akanirushia. Siku tuliyohama nilifagia kile chumba, nikautandika mkeka ule mpya chini, nikamwita yule mama wa kiondo, nikamkabidhi ufunguo. Akamlaza mtoto wake juu yake. Hapakuwa na matanga tena mle ndani.

Sisi wanne tukavuka huku pamoja. Pamoja tupo mpaka leo, na wa mwisho ni mkubwa sasa, anaona haya nikiisema habari ya sikio.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bibi, ambaye Mungu amrehemu. Nawashukuru waliofuma, waliotoboa kofia, na yule shemeji aliyechana miyaa ya wenzake kutwa nzima bila kujua kusuka. Namshukuru hamali. Karani pia namshukuru, kwa ule mguu alioushusha. Yule mama wa kiondo shukrani yake sijaipatia neno.

Funzo langu ni dogo, ni la mtu wa darasa la nne. Msingoje hofu iondoke ndipo mkae na mwenzenu. Yangu haikuondoka. Hadi leo nikisikia magurudumu ya mkokoteni asubuhi, mimi husimama jikoni nikasikiliza mpaka yapite.

Sasa, mnajua kwa nini nimeitwa leo. Yupo dada yetu hapa miongoni mwetu, amekaa karibu na mlango, watoto wake watano. Kiwanja alichojengea, mwenye ardhi amekiuza, na dada ameambiwa kesho asubuhi abomoe. Nasikia mnaambiana kwamba Uhuru uko njiani, bendera itapanda, hakuna atakayehamishwa tena. Inshallah. Naomba iwe hivyo. Lakini bendera bado, na kesho asubuhi ni kesho asubuhi.

Hiki ndicho kile kipande. Kipitisheni mkono kwa mkono. Hapa palipokaza, palipopinda, pashikeni: hapa ndipo polisi waliposimama. Vuteni. Mmeona? Haukukatika. Nimeshauongezea chane mpya mbele, na miyaa nimeloweka jana, iko nje kwenye beseni. Wenye sindano njooni na sindano, wa kiondo njooni na kiondo. Alfajiri, mlangoni kwa dada.

Mkeka msilete. Njooni mnyooshe miguu.